Je, kukataa kusaini sulhu ya mirathi ni kukata udugu?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Baba yetu alifariki miaka minne iliyopita, na mama alikuwa ametangulia. Babu na bibi pia hawapo. Tumebaki watoto watano, kaka zangu watatu na sisi wa kike wawili. Baba ameacha nyumba ya kupangisha na shamba, na vyote vimekuwa mikononi mwa kaka zangu tangu msiba. Mwezi uliopita mjomba wetu alikuja kutusuluhisha akiwa na karatasi isemayo kwamba mimi na mdogo wangu tunapokea kiasi fulani cha fedha na hatutadai tena kitu. Nyumba haijawahi kuthaminiwa, na kodi ya miaka minne haikutajwa kabisa. Mdogo wangu amesaini, mimi nimekataa. Sasa naambiwa kwamba Mwenyezi Mungu amesema sulhu ni kheri na kwamba anayeikataa amekata udugu. Tena nimegundua kwamba mjomba aliniambia kaka zangu wanalia kwa ajili yangu, na wao akawaambia kwamba mimi nimeshakubali. Je, nina dhambi? Na nikienda kwa kadhi, nitakuwa nimeivunja familia?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam, dada yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yenu na mama yenu, na awape subira katika jambo hili ambalo nadhani limewachosha nyote, pamoja na hao kaka zako.

Kabla ya lolote, ni lazima niseme kwamba nimekusikia wewe peke yako. Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alipomtuma Ali bin Abi Talib kwenda Yemen kuwa kadhi, naye akiwa bado kijana, alimwusia kwamba wakikaa mbele yake wagombanao wawili asitoe hukumu mpaka amsikie wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Kwa hiyo haya ninayoandika si hukumu juu ya kaka zako. Ni maelezo ya sheria juu ya jambo kama ulivyolieleza, na iwapo kuna deni la marehemu walilolilipa, au gharama za nyumba walizozibeba, au makubaliano ambayo hukuyataja, basi jibu litabadilika kwa kadiri hiyo.

Kwa ufupi, huna dhambi kwa kukataa kusaini karatasi ambayo haikuelezi unaachia nini. Sulhu ni miongoni mwa ibada kubwa katika dini yetu, lakini haikuwekwa iwe njia ya kumnyamazisha mwenye haki.

Maneno unayosomewa, kwamba sulhu ni kheri, ni ya kweli, nayo yamo katika Sura An-Nisaa, aya ya 128. Tatizo ni kwamba watu huyakata kutoka mahali pake. Aya hiyo inamzungumzia mwanamke anayehofia kwamba mumewe anamwepuka au anampa kisogo, na inasema hapana ubaya juu yao wawili wakisuluhiana kwa namna watakayokubaliana, kisha ndipo linapokuja neno hilo la kheri. Wafasiri wameeleza kwamba mke huyo anaweza, kwa hiari yake, kuachia baadhi ya haki zake ili ndoa ibaki. Anayeachia ni yeye, na anaijua haki anayoiachia. Hakuna katika aya hiyo mtu wa tatu anayemwachia mwingine haki isiyokuwa yake. Na jambo linalofaa kuangaliwa ni kwamba sura hiyo hiyo, katika aya ya 7, imetangulia kusema kwamba wanaume wana fungu katika waliyoyaacha wazazi na wanawake wana fungu, kiwe kidogo au kingi, na ikalifunga jambo kwa kuliita fungu lililofaradhishwa. Aya mbili za sura moja haziwezi kupigana. Anayeitumia ya 128 kuifuta ya 7 hajaielewa hata moja.

Ipo hadithi ambayo naona ingepaswa kusomwa katika kila kikao cha mirathi, kwa sababu inalihusu jambo lako moja kwa moja. Bibi Ummu Salama (R.A.) amesimulia, na Abu Dawud ameipokea, kwamba watu wawili walikuja kwa Mtume (S.A.W.) wakigombania mirathi ya zamani ambayo alama zake zilikuwa zimeshafutika, na hakuna kati yao aliyekuwa na ushahidi zaidi ya madai yake. Mtume aliwaambia kwamba yeye ni binadamu, kwamba wanamletea magomvi yao, na kwamba huenda mmoja wao akawa na ufasaha wa kutoa hoja kuliko mwenzake, naye akahukumu kwa kadiri ya anavyosikia. Basi yeyote atakayekatiwa kitu katika haki ya ndugu yake asikichukue, kwani hicho ni kipande cha moto. Wale watu wawili walilia, na kila mmoja akasema: haki yangu iwe ya mwenzangu.

Hapo ndipo wasuluhishi wengi wangefunga kikao, wakasoma Fatiha na kutawanyika, maana machozi yameshatoka na kila mmoja ameshasema maneno mazuri. Mtume (S.A.W.) hakufanya hivyo. Aliwaambia kwamba maadamu wamefikia hapo, basi waende wakagawane, wakikusudia haki katika mgawanyo wao, kisha wapige kura kwa mafungu, kisha kila mmoja amhalalishie mwenzake. Tazama mpangilio huo. Nyoyo zililainika kwanza, lakini kulainika kwa nyoyo hakukuchukua nafasi ya mgawanyo. Mgawanyo ulifanywa kwa kuikusudia haki, si kwa kukisia. Kura ilipigwa ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba fulani amechagua upande wenye rutuba. Na kuhalalishiana, yaani kusameheana kile kilichobaki ambacho mizani ya binadamu haiwezi kukipima, kulikuja mwisho kabisa. Katika karatasi uliyoletewa mambo yamepinduliwa: mnatakiwa kuhalalisha kwanza, na mgawanyo haupo kabisa. Mswahili ana usemi wake kwa namna hiyo ya kumaliza ugomvi, nao ni funika kombe mwanaharamu apite.

Wanazuoni wa fiqhi hawakuiacha sulhu iwe maneno ya hisani tu. Waliipa mlango wake kamili katika vitabu vyao, wakaichambua kama wanavyochambua kuuza na kukodisha. Msingi wao ni hadithi waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, kwamba sulhu inajuzu baina ya Waislamu isipokuwa ile inayohalalisha haramu au kuharamisha halali, na maneno kama hayo yanapatikana pia katika barua mashuhuri inayonasibishwa kwa Umar bin al-Khattab (R.A.) kwenda kwa Abu Musa al-Ash'ari kuhusu ukadhi. Kwa hiyo kuridhiana peke yake hakutoshi. Imam Bukhari, katika kitabu cha sulhu ndani ya Sahihi yake, ameweka kisa cha kijana kibarua aliyezini na mke wa mwajiri wake, baba yake akamlipa mume wa mwanamke huyo mbuzi na kondoo 100 pamoja na mjakazi ili yaishe. Wote wawili walikuwa wameridhika. Jambo lilipofika kwa Mtume (S.A.W.) aliamuru mali ile irudishwe kwa mwenyewe, kwa kuwa walipatana juu ya jambo ambalo halikuwa lao kulipatanisha.

Suala lako si la namna hiyo, kwa sababu mirathi ni mali ya warithi na wanaweza kupatana juu yake. Mrithi kutoka katika mirathi kwa kupewa kitu badala ya fungu lake ni jambo linalojulikana, nalo huitwa takharuji. Mfano wake mashuhuri ni wa Tumadir bint al-Asbagh, mmoja wa wake wanne wa Abdul-Rahman bin Awf (R.A.), ambaye alipatana na warithi wenzake wakati wa ukhalifa wa Uthman, akapokea fedha ambazo riwaya mashuhuri inazitaja kuwa elfu 80, badala ya robo ya thumni, yaani robo ya sehemu moja ya nane ya mali, iliyokuwa fungu lake. Mimi hupenda kumtaja mama huyu kwa sababu watu wakisikia neno kutoka katika mirathi hudhani maana yake ni kutoka mikono mitupu.

Lakini takharuji ina masharti. Kaka zako, kwa maelezo yako, hawakanushi kwamba wewe ni mrithi; wanakiri, ila hawatoi. Hii ndiyo wanazuoni wanaiita sulhu ya kukiri, na hiyo imekubaliwa na madhehebu yote manne, tofauti na sulhu ambayo mdaiwa anakanusha dai, ambayo Imam Shafi'i aliiona haisihi na Abu Hanifa, Malik na Ahmad wakaijuzisha. Katika sulhu ya kukiri, ukipewa fedha badala ya fungu lako katika nyumba na shamba, huko ni kuuza hata kama hamkutumia neno kuuza, na kuuza kunataka kijulikane kinachouzwa na ijulikane bei yake. Ama ukiwaachia bila badala, au ukachukua sehemu na kuiacha sehemu nyingine, basi kilichoachwa ni zawadi au msamaha, na msamaha wa mali unataka ridhaa ya nafsi isiyoshurutishwa. Wanazuoni wa Kihanbali wamelisema wazi jambo ambalo ni kama walikuwa wanaiona karatasi yako: mwenye kukiri haki ya mwenzake, kisha akaizuia na kusema sitakupa sehemu yake mpaka uniachie nyingine, amekula mali ya mtu kwa batili, na alichoachiwa kwa njia hiyo si halali kwake. Ibn Qudama, mmoja wa wanazuoni hao, ameongeza kwamba anayejua ndani ya nafsi yake kwamba anasema uongo, sulhu yake ni batili baina yake na Mola wake, hata kama kwa nje imekamilika na mashahidi wameweka mikono yao.

Naomba hapa nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba mwenye haki ni lazima aidai hadi senti ya mwisho. Ka'b bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad deni, wakabishana msikitini mpaka sauti zikamfikia Mtume (S.A.W.) nyumbani kwake. Alitoka, akafunua pazia la chumba chake, akamwita Ka'b na kumwashiria kwa mkono apunguze nusu. Ka'b akasema amefanya. Papo hapo Mtume akamgeukia yule mdaiwa na kumwambia: simama umlipe. Kisa hiki ni kifupi mno, lakini msuluhishi akikisoma kwa makini atapata ndani yake karibu kazi yake yote. Ombi la kusamehe lilielekezwa kwa mwenye haki, kwa sababu yeye ndiye mwenye cha kusamehe. Kilichoombwa kilikuwa na kipimo, nusu ya deni linalojulikana. Na aliyepunguziwa hakuachwa aende zake na ahadi. Aliambiwa alipe hapo hapo. Mjomba wako akija na pendekezo la namna hiyo, ukiwa umeshajua fungu lako ni kiasi gani, na fedha zikawa mezani, ningekuhimiza sana ulipokee na usiwabane kaka zako.

Kipo na kisa cha upande wa pili, pale msamaha unapokataliwa. Zubayr bin al-Awwam na mtu mmoja katika Ansari waligombania maji ya mfereji wa kumwagilia mitende yao katika ardhi ya mawe huko Madina. Shamba la Zubayr lilikuwa juu, kwa hiyo haki ya kutangulia ilikuwa yake. Mtume (S.A.W.) kwanza alimwambia amwagilie kisha amwachie jirani yake maji, akimwelekeza kwenye jambo jepesi kwa wote wawili. Yule Ansari alikasirika, akasema ni kwa sababu Zubayr ni mtoto wa shangazi yako. Uso wa Mtume ulibadilika, ndipo akamwambia Zubayr amwagilie kisha ayazuie maji mpaka yafike kwenye kingo, yaani achukue haki yake yote kamili. Bukhari ameiwekea hadithi hii kichwa kinachoeleza kwamba kiongozi akishauri sulhu na upande mmoja ukakataa, basi huhukumu kwa hukumu iliyo wazi. Sulhu ni ushauri, na ukikataliwa haki inabaki palepale ilipokuwa. Na anayeikataa sulhu njema ajue kwamba anaweza kuishia kupata pungufu ya alichokuwa ameshapewa. Hilo liwafikie kaka zako, na wewe pia ulitie akilini.

Sasa nije kwa mjomba. Watu huambiana kwamba ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime, na wengi wameufanya usemi huo kuwa kisingizio cha kutoingilia. Mjomba wako hakufanya hivyo, na kwa hilo anastahili shukrani. Qur'ani katika Sura Al-Hujurat, aya ya 9 na ya 10, haikuwapa watazamaji ruhusa ya kwenda kulima, imewaamrisha wapatanishe. Abu Dardaa (R.A.) amepokea kwamba kupatanisha waliogombana kuna daraja kubwa kuliko kufunga, kuswali na sadaka, yaani za sunna kama walivyofafanua wanazuoni. Dini imefika mahali pa kumtengea msuluhishi fungu la zaka: Qabisa bin Mukhariq alijitwika dhamana ya mali ili kuzima ugomvi wa watu, akaja kwa Mtume (S.A.W.) kuomba msaada, naye akamwambia asubiri mpaka zaka zije apewe; na wanazuoni wa Kishafi'i wamesema mtu wa namna hiyo hupewa katika fungu la wenye madeni hata akiwa tajiri, ili asije mtu akaogopa kupatanisha kwa kuhofia mfuko wake.

Ama maneno aliyoyabeba huku na huku, lipo alilofanya kwa ruhusa na lipo alilovuka. Ummu Kulthum bint Uqba (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alisema si muongo yule anayesuluhisha baina ya watu akapeleka jema au akasema jema. Baadhi ya wanazuoni wameichukua ruhusa hii kwa dhahiri yake, na wengine wakasema kinachoruhusiwa ni maneno ya fumbo yenye maana mbili. Kukwambia kwamba kaka zako wanalia kwa ajili yako, hata kama walikuwa wamenuna tu, kunaingia katika mlango huo, na mimi binafsi nisingemshikia neno. Lakini kuwaambia wao kwamba wewe umeshakubali si kupeleka jema. Hiyo ni habari juu ya haki yako, nayo ingeweza kuwafanya wauze, wajenge au wagawane kwa kuamini kwamba umetoka. Wanazuoni walipoieleza ruhusa inayofanana na hii baina ya mume na mke, walikubaliana kwamba haihusu uongo unaoangusha haki iliyo juu ya mtu au unaomfanya achukue kisicho chake. Mpaka ndio huo huo hapa. Mwambie mjomba kwa heshima anayostahili, faraghani, kwamba hukukubali na kwamba unamwomba yeye mwenyewe alisahihishe neno hilo kwa kaka zako. Akisahihisha yeye, usuluhishi wake utabaki na uzito. Ukisahihisha wewe mbele ya watu, utakuwa umemvunjia uso na umempoteza mpatanishi.

Na kama mjomba atahisi kwamba kukataa kwako ni kumdharau, mkumbushe kisa cha Barira. Bibi huyu alikuwa mjakazi aliyeachwa huru, na uhuru huo ukampa hiari ya kutengana na mumewe, Mughith, ambaye bado alikuwa mtumwa na alimpenda hadi akawa anamfuata njiani huku machozi yakitiririka kwenye ndevu. Mtume (S.A.W.) alimwonea huruma Mughith, akamwambia Barira, laiti ungemrudia. Barira akauliza: je, unaniamrisha? Akajibu kwamba yeye anaombea tu. Barira akasema kwamba hana haja naye, na jambo likaishia hapo. Hakuna aliyemwita mkaidi wala mkata udugu. Ikiwa uombezi wa Mtume mwenyewe ulikuwa ombi ambalo mwanamke huyu aliweza kulikataa, sijui ni uombezi wa nani kati yetu unaoweza kuwa amri.

Nilipokuwa nasoma barua yako nilitarajia kuona Hudaybiya, yaani mkataba wa amani wa Mtume na Maquraishi wa Makka, imetajwa, kwa sababu ndiyo hoja ya kawaida ya wanaomtaka mnyonge akubali. Husema: Mtume aliridhia mkataba uliomwonea, basi wewe ni nani? Mwaka wa 6 Hijria, yaani 628, alikubali kweli neno Mtume wa Mwenyezi Mungu lifutwe katika hati kwa sababu Suhayl bin Amr, mjumbe wa Maquraishi, alilikataa, akakubali kurudi Madina bila ya kufanya Umra mwaka ule, na vita vikasimamishwa kwa miaka 10. Maswahaba walihuzunika mpaka wakachelewa kutekeleza amri yake ya kuchinja na kunyoa, na ni ushauri wa Bibi Ummu Salama ulioyatatua hayo, alipomwambia atoke, asiseme na mtu, achinje na kunyoa yeye kwanza. Lakini aliyeachia pale alikuwa mwenye jambo mwenyewe, aliachia kitu anachokijua kwa lengo analolijua, na kila kifungu kilisomwa na kubishaniwa kabla ya kuandikwa. Anayeitaja Hudaybiya kama hoja aanze kwa kukuwekea mezani hati iliyo wazi kama ile.

Kuhusu kwenda kwa kadhi, si dhambi na si kukata udugu. Imepokewa kutoka kwa Umar (R.A.) kwamba alisema wagombanao warudishwe mpaka wasuluhiane, kwa kuwa hukumu huzaa chuki baina ya watu, na maneno hayo yana ukweli ambao kila aliyewahi kukaa katika baraza la hukumu anaujua. Ndiyo maana ningependa ufike huko mwisho, si mwanzo. Hata hivyo wanazuoni walilichukulia agizo hilo kuwa linahusu mambo yenye utata. Pale haki inapokuwa wazi na mmoja anamzuilia mwenzake, kumrudisha aliyezuiliwa mara kwa mara kwa jina la sulhu ni kumsaidia mzuiaji. Aya ya 9 ya Al-Hujurat yenyewe, baada ya kuamrisha upatanisho na kueleza kumzuia anayepindukia mipaka, inarudia amri ya kupatanisha na safari hii inaongeza sharti: kwa uadilifu.

Kukata udugu ni kitu kingine. Kunahusu salamu, kuzuru, kumjulia hali mgonjwa, kusaidia mwenye shida. Mtume (S.A.W.) amesema si halali kwa Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, wakikutana huyu ageuke huku na yule ageuke kule, na mbora wao ni anayeanza kutoa salamu. Wewe unaweza kumdai kaka yako mbele ya kadhi asubuhi na jioni ukamjulia hali mtoto wake anayeumwa, na ukawa umeunga udugu. Na yeye anaweza kukuita dada mpenzi kila siku huku ameshikilia fungu lako, na kuunga kwake kukawa na walakini. Ikiwa umeacha kuwasalimu kaka zako kwa sababu ya ugomvi huu, basi hapo ndipo ninapokuogopea dhambi, si katika kukataa kusaini.

Kwa upande wa hesabu, kama warithi ni nyinyi watano tu, mali inayobaki baada ya kulipa madeni ya marehemu na kutekeleza wasia wake, ikiwa aliacha wasia, usiozidi theluthi moja, hugawanywa mafungu 8: kila kaka mafungu 2 na kila dada fungu 1. Fungu lako ni thumni moja ya nyumba na shamba, na ni thumni moja pia ya kodi ya miaka minne baada ya kutoa gharama za kweli za matengenezo, kwa kuwa zao la mali ni la wenye mali kwa kadiri ya mafungu yao. Waandikie kaka zako kwa lugha ya upole, uombe mambo mawili tu kwa sasa: nyumba na shamba vithaminiwe na mtu mnayemkubali nyote, na hesabu ya kodi na matumizi iwekwe wazi. Usitaje kadhi katika barua hiyo ya kwanza. Kisha omba kikao ambacho mjomba atakuwamo pamoja na mtu mwingine unayemwamini wewe, kwa kuiga utaratibu wa An-Nisaa aya ya 35, ambapo mume na mke wanaohofiwa kufarakana huteuliwa mwamuzi mmoja kutoka kila upande. Aya hiyo si ya mirathi, najua, lakini hekima yake inafaa hapa, kwani mwamba ngoma huvutia kwake hata akiwa na nia njema, na wawili hurekebishana. Mkipatana, andikeni kila kitu na mshuhudishe. Mkishindwa baada ya muda mtakaouwekea mpaka ninyi wenyewe, nenda kwa kadhi bila ya hofu, na siku hiyo hiyo wapigie simu uwaambie kwamba unakwenda, ili wasiipate habari kwa watu.

Limebaki la mdogo wako. Saini yake haikufungi wewe, na kukataa kwako hakumfungui yeye. Kila mrithi anasimama na fungu lake. Ikiwa alisaini akiwa anajua thamani ya thumni yake na akaridhika na alichopewa, basi amemaliza, nanyi msimrudishe nyuma. Ikiwa alisaini kwa kuwa aliambiwa hakuna zaidi ya hapo, au kwa kuwa alidanganywa kwamba wewe umeshakubali, basi ridhaa yake ilijengwa juu ya habari isiyo ya kweli, na anayo haki ya kulifungua jambo hilo upya mbele ya hao waamuzi wawili au mbele ya kadhi. Muulize yeye mwenyewe, peke yenu, na umwache ajibu bila ya wewe kumjibia.